Pete Iliyokuwa Tumboni Mwangu

Shida zangu zilianza mwaka wa 1969, nikiwa na miaka minane. Mama yangu alikufa akijifungua, yeye na mtoto siku moja. Baba akanishika mkono, akanipandisha mlima hatua kama mia mbili hadi nyumba ya mke wake wa pili, akamwambia, "Huyu sasa ni wako." Akageuka akaenda kwa ng'ombe wake. Baba hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mtu wa fimbo.

Kwetu ni juu ya Rongai. Shule nilienda miaka miwili na nusu tu. Kusoma kwenyewe nilijifundisha baadaye, kwa magazeti ya kufungia nyama, kwa hivyo mtu akiona nimeandika vibaya mahali anyamaze aendelee.

Mama mdogo, ndivyo nilivyomwita huyo mke wa pili, alikuwa na watoto wake watatu, mvulana mmoja na wasichana wawili. Wao walikunywa maziwa ya kibuyu kimoja, mimi nilikuwa na changu. Maziwa yangu yalikuwa mazito, yana utando wa mafuta wa manjano juu, mzito wa kushikwa na kidole. Nilikunywa. Kabla sijafikisha ng'ombe malishoni maumivu yakaja. Yalianzia chini ya mbavu, hapa katikati, yakapenya hadi mgongoni kama mtu amenipitisha mkuki. Nikatapika kila kitu kwenye nyasi, na ng'ombe wakaingia mahindi ya jirani.

Baba alinipiga na kamba ya kufungia ng'ombe. Nilitapika nikipigwa, akaniongeza kwa sababu ya kutapika.

Siku zikawa ni hizo. Nakula, naumwa, natapika, napigwa. Ilikuwa si kila mlo, na hiyo ndiyo ilifanya waseme ni uvivu. Baadaye baba akamleta mzee mmoja wa dawa kutoka ng'ambo ya mto. Walinilaza chini, wanaume wawili wakanikalia mikono na mmoja miguu, na yule mzee akanichanja tumbo kwa wembe mistari saba, akasugua masizi ndani. Alama ninazo mpaka leo. Alipomaliza akapangusa wembe kwa suruali yake, akasema neno moja.

"Amelishwa."

Yaani nimewekewa sumu, na kila mtu alijua chakula changu kilitoka kwa mkono wa nani.

Wazee waliitwa. Mama mdogo akasimamishwa katikati ya boma, akapewa kibuyu changu, akaambiwa anywe mbele ya watu. Alikunywa chote bila kupumzika, akapangusa mdomo, akarudi kwa jiwe lake la kusagia. Hakuumwa wala hakutapika. Mimi leo naona hapo kesi ingeisha. Lakini wazee walitingisha vichwa. "Huyu anajua dawa ya kuizuia," mmoja akasema, na wengine wakaguna kumkubali. Jioni hiyo baba alimpiga mpaka jicho moja likafunga kabisa. Nilikuwa nimekaa mlangoni natazama. Nimesema nitaandika ukweli, basi ukweli ni kwamba nilifurahi.

Nikiwa na miaka kumi na minne nilipanda lori la mahindi, nikashukia Nakuru, nikaomba kazi machinjioni. Nilianza kwa kuosha matumbo. Nikapandishwa kuchuna ngozi, nikapandishwa kuangusha. Siku hizo fahali aliangushwa na mtu na kisu, hakukuwa na bastola ya msumari wa chuma kama ya leo. Unamvizia nyuma ya pembe, unachoma pale shingo inapoungana na kichwa, na ukikosa ni wewe unayelala chini. Nilikosa mara mbili tu. Mara moja nilivunjwa mbavu tatu.

Machinjioni hakuna mtu mpole. Kuna jamaa alizoea kuniita Mama Mjamzito kwa sababu ya kutapika kwangu. Nilimvunja taya na kwato ya ng'ombe. Baada ya hapo walinitapikia heshima, kama ni kutapika.

Sasa nifike mahali pabaya. Mwaka wa 1981 dada yangu wa kwa mama mdogo aliolewa, nikarudi nyumbani nikiwa na koti jipya na kisu changu kiunoni, kwa sababu mimi ndiye ningechinja. Nikachinja kondoo. Nyama ilipoiva mama mdogo alikuja na mkia wote, ule mkia wa mafuta, ameuweka kwa sahani ya peke yake. Akanisimamia.

"Kula," akasema. "Umekonda kama fito."

Watu walikuwa wanatazama, nikala. Saa moja haikuisha nikawa chini nimejikunja kama mdudu, wageni wananiruka. Nikasikia mtu anacheka. Pengine alicheka jambo lingine, sijui. Niliinuka na kisu.

Nilimkuta mama mdogo jikoni. Nilikuwa nimelenga shingo, siwezi kudanganya, mkono wangu ulikuwa unajua njia ya shingo kuliko njia nyingine yoyote. Mtoto wake wa kiume, ndugu yangu, alikuwa na miaka kumi na saba. Akaweka mkono katikati. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na kile kinachofuata, vilianguka kwenye majivu. Hakupiga kelele. Aliviangalia tu kama mtu aliyeangusha kitu. Mama yake ndiye aliyepiga kelele, na mimi nikachukua kijinga cha moto nikakisukuma kwenye nyasi za paa.

Nyumba iliungua mpaka chini, na vibuyu vyake vyote ndani. Baba akaja, akatazama, akamwambia mama mdogo achukue watoto wake aende. Akaenda. Usiniulize kama nililala. Nililala vizuri sana.

Miaka arobaini na zaidi ikapita hivyo. Nilitoka kuwa mchinjaji wa kuajiriwa nikawa nanunua ng'ombe zangu mwenyewe. Nilikuwa naenda kuzitafuta mpaka Baringo kwa miguu, nikipigana na wezi kwa rungu, mmoja akaniachia kovu kichwani na mimi nikamwachia ulemavu. Nikaoa, nikazaa, nikajenga. Na maumivu nikaenda nayo. Mahali popote nilipokula vizuri yalinikuta. Mtu mwenye akili angejiuliza, huyu mama sijala mkono wake tangu 1981, sasa sumu inatoka wapi? Mimi nilijijibu kwamba ilikuwa imeota mizizi. Hospitali za mtaani waliniambia ni vidonda vya tumbo, ni minyoo, ni homa ya maziwa mabichi. Mmoja alinipaka jeli akapitisha kifaa cha kupiga picha juu ya tumbo, akasema gesi imefunika, haoni kitu. Nikamwambia mimi ningepasua nione haraka.

Mwaka juzi nilianguka machinjioni. Nilikuwa nimekula ugali na nyama ya mbavu, nikasimama kuelekeza vijana, nikajikuta nimelala kwenye damu ya ng'ombe natapika nyongo. Siku ya pili yake nilikuwa bado natapika maji. Binti yangu wa mwisho akaniingiza kwa gari kwa nguvu.

"Baba, leo hatubishani."

"Nani anabisha?"

"Wewe. Na umeshikilia mlango."

Hospitalini waliamua niingie kwenye skeni. Nikavishwa gauni lililo wazi nyuma, mimi, mzee mzima, nikanyweshwa vikombe vya maji, nikachomwa sindano ya plastiki mkononi. Mashine yenyewe ni duara kubwa, wewe unalala kwa kitanda kinachoingia katikati. Kijana wa mashine akaniambia, "Mzee, dawa ikiingia utasikia joto, hata utadhani umejikojolea. Usiogope, haujajikojolea." Nikamwambia akirudia neno hilo nitashuka hapo. Dawa ikaingia. Joto likapanda kooni, likashuka mpaka huko chini, na kweli nilishika gauni kuhakikisha. Sauti ya mashine ikaniamrisha: vuta pumzi, shikilia, pumua. Sijaamrishwa hivyo tangu baba afe.

Daktari wa kusoma picha alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu, mfupi, ana miwani. Nilikataa kupelekewa majibu na mtu mwingine, nikaingia kwa chumba chake na gauni langu. Hakunifukuza. Akageuza kompyuta.

Nikajiona. Nimekatwa vipande vyembamba kuanzia kifuani hadi nyonga, kama mkate, na hakuna tone la damu. Alikuwa anazungusha kidole na vipande vinapita kimoja baada ya kingine. Nimekata nyama miaka karibu hamsini na sijawahi kukata safi namna hiyo.

"Hilo ni ini," nikasema kabla hajasema. "Hiyo bandama. Hizo figo. Huo mshipa mkubwa wa damu."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mzee ulisomea wapi?"

"Machinjioni."

"Basi niambie hili ni nini." Akasimamisha kipande kimoja, akaweka kidole.

Nikakodoa macho. Kulikuwa na utumbo, pale unapotoka tumboni kabla haujaanza kujipinda, na kitu kimeuzunguka pande zote. Kama mkono umeshika shingo ya chupa.

"Hilo ni kongosho lako," akasema. "Kwa watu wengi limelala nyuma ya tumbo, na kichwa chake kinaegemea kwenye kona ya utumbo. Lako limeuzunguka utumbo wote. Ni pete. Unaona utumbo juu ya pete umevimba, na chini ni mwembamba? Chakula kinakwama hapo. Na ukila kizito, cha mafuta mengi, kongosho lenyewe linawaka."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Daktari, mimi nimefungua ng'ombe, kondoo na mbuzi ambao wewe huwezi kuhesabu. Kongosho halizunguki utumbo. Limelala. Umechanganya picha yangu na ya mtu."

"Mzee," akasema taratibu, "wewe si ng'ombe."

Binti yangu akacheka, akaziba mdomo.

Basi yule daktari akachukua karatasi akanichorea. Kongosho likiumbwa, mtoto akiwa bado ni mdogo kama punje ya harage, huwa ni vipande viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma. Kile cha mbele huzunguka utumbo kikutane na mwenzake, washikane, wawe kitu kimoja. Kwa wengine hukutana lakini mifereji yao haiunganiki. Kwa wengine kipande kidogo hupotea, kikaota kwenye ukuta wa tumbo. Changu kilishikilia njiani, kikanyooka huku na huku, kikaukaba utumbo.

"Lini?" nikauliza.

"Kabla hujazaliwa."

"Si kitu cha kulishwa?"

"Hakuna mtu anaweza kukulisha hiyo, mzee. Ulikuja nayo."

Nikamwambia waikate basi hiyo pete, kisu kimoja kinatosha. Akakataa. Alisema wapasuaji hawakati pete, kwa sababu ndani yake kuna maji ya kuyeyusha nyama, na ukiikata yatamwagika yanile mimi mwenyewe kutoka ndani. Wataiacha ilipo, wachukue utumbo wa chini wauunganishe juu yake, chakula kipite kando. Akaniambia pia kwamba kwa umri wangu watu wengine hawaamki mezani, niende nijipange.

Sikumwamini. Kesho yake, nikiwa na bomba la dripu bado mkononi, nilitoroka nikaenda machinjioni saa kumi na mbili asubuhi. Nikaamuru kila tumbo linalotoka liletwe kwangu. Nikapangua ng'ombe kumi na wanne na mbuzi sijui wangapi, damu mpaka kwenye viwiko, nikitafuta pete. Hakuna. Yote yalikuwa yamelala. Nikawa tayari kumwita daktari mwongo. Lakini mkaguzi wa nyama, mzee mwenzangu, alikuwa amesimama na muhuri wake ananitazama.

"Unakumbuka yule mbuzi wa nyongo mbili?" akaniuliza.

Nilimkumbuka. Miaka mingi imepita. Mbuzi mnono, hajaugua hata siku moja, tukamfungua tukakuta nyongo mbili zimening'inia kama machungwa. Tuliitana kuangalia. Hakuna aliyesema mbuzi huyo amelogwa. Tulisema ameumbwa hivyo, tukamgonga muhuri akaenda bucha.

Nilikaa chini pale kwenye saruji. Vijana walidhani nimeanguka tena.

Kulikuwa na kitu kimoja cha kujipanga. Nilikuwa nimesikia ndugu yangu ana kibanda cha kuziba tairi Salgaa, kando ya malori, na nilikuwa nimepita hapo miaka bila kugeuza shingo. Nilienda na ile filamu ya picha kwenye bahasha kubwa. Nilimjua kwa mkono. Alikuwa anabandua tairi la lori kwa chuma kirefu, vidole vitatu vimekishika kama vitano.

"Boss, tairi gani?" akauliza bila kuinua macho. Akainua.

Alikuja na kile chuma. Alinipiga kwenye paja, nikaenda chini kwenye oili na changarawe. Dereva mmoja akaita, "We, unaua mzee wa watu!" Ndugu yangu akamjibu, "Huyu si wa watu. Ni wetu." Akaninyanyua kwa kola akaniuliza nimekuja kukata vilivyobaki?

Nilimwonyesha picha. Sikujua kueleza kama daktari, nilieleza kama mchinjaji. Hapa utumbo, hapa kongosho, hapa limekaba. Tangu tumboni mwa mama yangu. Aliinua filamu kwenye jua, akaitazama muda mrefu.

"Kwa hivyo ni hii," akasema. "Vidole vyangu ni hii."

"Ndiyo."

"Ungeniletea ng'ombe ningekufukuza. Hii siwezi kuifukuza." Akatupa chuma chini. "Mama yuko hai. Yuko Kaptembwo, hapo Nakuru. Utaenda kumwambia wewe, kwa mdomo wako, na mimi nitakuwa mlangoni ili usitoroke."

Chumba chake ni kimoja, cha mabati, kimebanana na vingine, nje anauza mboga zilizokatwa. Ana karibu miaka themanini na uso wake umesinyaa, lakini lile jicho alilopigwa na baba bado limeinama. Alinitazama kutoka kiti chake cha plastiki. Nikasema yote. Alichukua filamu, akaiweka dirishani, mwanga wa jua ukapita kwenye tumbo langu.

"Hii ndiyo sumu yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Piga magoti."

Nimejengwa na kutopigia mtu magoti. Nikapiga. Akachukua fimbo yake ya kutembelea, ya mti wa mzeituni wa msituni, akanipiga nayo. Usidhani ni mapigo ya mzee. Alinipiga begani mpaka nikasikia kitu kimelia ndani, akanipiga mgongoni, masikioni. Akachoka, akakaa, akaomba maji, akanywa, akasimama akaanza upya. Majirani walijaa mlangoni. "Mathe, wacha!" wakasema. Ndugu yangu akawaambia watulie, hesabu haijafika. Mimi sikuinua mkono. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nimewahi kufanya.

Alipomaliza alikuwa analia, lakini si kwa huruma, kwa hasira.

"Unajua kwa nini kibuyu chako kilikuwa chako peke yako?" akaniuliza. "Nilikuwa natoa utando wa maziwa yote, ya hawa wangu pia, naweka kwako. Mtoto amefiwa na mama, nilisema, angalau anenepe. Hawa walikunywa maji maji."

Ndugu yangu akasema kutoka mlangoni, "Tulikuonea wivu sana."

Na ule mkia wa kondoo. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshaelewa.

"Sijakusamehe," akasema. "Nimekupiga tu. Nenda upasuliwe. Picha inabaki."

Nilipasuliwa nikiwa na bega limevunjika, na daktari wa upasuaji alinung'unika sana kuhusu hilo bega. Niliamka. Siku ya tano nilikunywa maziwa kikombe kimoja, nikangoja mkuki mchana kutwa. Haukuja.

Leo nina hivi. Shamba ekari sita Rongai, lenye hati. Ng'ombe wa maziwa kumi na mmoja. Bucha mbili Nakuru. Pikapu moja inayotembea na lori moja lisilotembea. Nyumba ya mawe ya vyumba vitano. Visu sita, cha saba nimekitupa chooni na sitanunua kingine badala yake. Mistari saba ya wembe tumboni na mmoja mrefu wa daktari unaoipita katikati. Bega la kulia lisiloinua mkono juu ya sikio. Pete bado ninayo, haijakatwa.

Picha sina. Iko Kaptembwo, kwenye dirisha la mama mdogo, ameiweka badala ya pazia. Kila Jumapili naenda. Maziwa napeleka mimi, nayaacha mlangoni kwa sababu ndani hajaniruhusu tena tangu siku ile, na kila Jumapili anatoka, anayachungulia, ananiambia utando ni mdogo.